Taa ya Kijani na Jembe la Nyumba Yetu

Jembe lenyewe halikuwa la kulimia. Mgeni akiliona juu ya kabati langu, limefungwa kitambaa, angedhani ni chuma chakavu kinachosubiri wale vijana wanaopita na mizani. Lilikuwa dogo kuliko majembe ya dukani, umbo lake kama jani la kiazi kitamu, na nyuma lina mkia mwembamba wa kuchomeka kwenye mpini. Lilifuliwa na babu yake mume wangu, mhunzi, kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe kutoka mawe mekundu na makaa ya miti. Chuma cha namna hiyo hakitengenezwi tena. Waliokijua wamekufa, na hawakuacha mwanafunzi.

Kazi ya jembe hilo ilikuwa moja. Binti wa nyumba yetu akiolewa, anakwenda nalo. Siku ya kufika kwa mumewe, mama mkwe anamwongoza mpaka kwenye kibanja, lile shamba la nyumbani, chini ya migomba, naye anapiga ardhi mara moja mbele ya watu. Akishapiga amekuwa mtu wa pale. Migomba ile ni yake kuihudumia, na hakuna wa kumwambia wewe umekuja juzi. Akizaa mtoto wa kwanza, jembe linarudishwa kwetu kumngoja binti mwingine. Mashangazi wa mume wangu walikwenda nalo, na dada zake vilevile. Binti zangu wawili, mmoja aliyeolewa Kiruruma na mmoja aliyeolewa Songambele kule Kyerwa, walikwenda nalo, na likarudi kama lilivyotoka.

Lilirudi hivyo kwa sababu lilitunzwa. Mama mkwe wangu alinikabidhi akiwa amelala kitandani, hawezi tena kukaa. Akanionyesha. Mwezi mpya ukionekana, unachota samli ya ng'ombe kidogo kwa vidole, unalipaka jembe pande zote, unalifuta kwa jani kavu la mgomba, unalifunga. Basi. Sikumuuliza kwa nini, naye hakuniambia. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na mambo mengi nimeyafanya bila kuuliza kwa nini, yakaenda.

Nimeyasema haya mwanzoni ili anayesoma ajue nilikuwa nimeshika nini.

Mwanangu wa kiume alikufa akaniacha na watoto wake wawili, mvulana na msichana, nikawalea hapa Nyakakika. Msichana alikuwa mtulivu. Mvulana alikuwa mtu wa kuchokonoa. Ukimtuma maji unamkuta anakwaruza bati la choo kwa msumari, anataka kuona ule wekundu unaishia wapi. Nilimchapa kwa ajili ya bati lile. Baadaye alifaulu, akaenda sekondari, akaenda chuo, akabaki hukohuko chuoni anafanya utafiti. Watu wakiniuliza anasomea nini, nilikuwa nasema anasomea vyuma. Yeye alikuwa ananirekebisha. Si vyuma tu, ni vitu vyote vilivyo vigumu: chuma, kioo, udongo wa kuchoma, kwa nini hiki kinapitisha joto na kile hakipitishi.

Likizo moja alikuja na begi zito. Tulikuwa jikoni, mimi namenya ndizi, yeye amekaa kwenye kigoda kama zamani, magoti yamefika kidevuni. Akatoa kibamba cheupe, kidogo kama sabuni ya hotelini, kina waya mbili.

"Bibi, hiki ndicho ninachokifanyia kazi."

"Kinafanya nini?"

"Upande mmoja ukiupa moto na mwingine ukauacha baridi, kinatoa umeme."

"Umeme kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye huo moto wako. Ndani mna vipande vidogo vya madini tuliyoyachanganya na kuyaoka wenyewe maabara. Joto linapokimbia kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi, linasukuma umeme njiani. Tunatafuta mchanganyiko ulio rahisi, ambao mtu wa kijijini anaweza kuwa nao."

Akakibandika ubavuni mwa jiko langu la udongo, upande wa nje akaweka kipande cha alumini chenye mapezi mapezi na kikopo cha maji. Tukangoja. Nilikuwa nimeshaanza kumcheka. Kisha kitaa kidogo kikawaka. Sikuficha, nilifurahi. Nimepika kwenye jiko lile maisha yangu yote, na halikuwahi kunirudishia kitu zaidi ya chakula na moshi.

Jirani yangu, mwanamke wa ulimi mrefu ambaye nimegombana naye na kupatana naye mara zisizohesabika, alikuja siku ya pili yake na simu mkononi.

"Nasikia siku hizi unapika umeme."

"Napika ndizi. Umeme unajipika wenyewe."

"Basi nipakulie kidogo, simu yangu imezima."

Alikaa mpaka maharage yakaiva. Simu yake ilijaa robo, akaondoka akisema jiko langu ni bahili kama mwenyewe.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza la mjukuu wangu. La pili alilisema baada ya chakula, na sasa nikikumbuka naona alikuwa amelipanga tangu garini. Alisema kuna kazi nyingine huko chuoni, ya kutazama kutu kwa mwanga. Unachukua uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unapitisha mwanga ndani yake mpaka kwenye chuma. Mwanga unagonga chuma na kurudi. Chuma kikiwa kisafi, unarudi hivi. Kikianza kuliwa na kutu, hata kama jicho la mtu halijaona kitu, unarudi vingine, na mashine inajua. Alisema madaraja yanaanguka kwa sababu kutu inaanzia mahali pasipoonekana. Mabomba vilevile, na mabati, na matangi. Ukiwa na uzi ule, unajua mapema.

"Sasa, Bibi, tunahitaji chuma cha zamani. Kila mtu duniani anapima chuma cha kiwandani. Chuma kama cha jembe letu hakuna aliyekipima."

"Jembe haliendi chuoni."

"Haliendi popote. Litakaa hapahapa jikoni. Mwanga tu ndio utaligusa."

"Hamtalikata?"

"Hatutalikata."

"Hamtalichoma?"

"Bibi, mwanga tu. Tena litakuwa salama kuliko juu ya kabati. Jicho lile halilali. Kutu ikianza hata kidogo, naja kulitoa siku hiyohiyo."

Hayo ndiyo maneno yake. Aliyasema amekaa kwenye kigoda changu, ameshiba chakula changu. Nikalishusha jembe nikampa.

Alitengeneza sanduku la mbao, akalipaka rangi nyeusi ndani na nje ili mwanga wa jikoni usiingie. Jembe akalilaza humo. Nyuzi za kioo zikaingia kwa tundu, na waya zikatoka mpaka kwenye kile kibamba cha jikoni, kwa sababu umeme wa nguzo kwetu unakuja na kuondoka upendavyo. Kwa hiyo moto wangu ndio uliokuwa ukiilisha mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ikituma habari kwenye simu yake, huko aliko. Juu ya sanduku akaweka taa ndogo ya kijani.

"Kuna masharti mawili," akasema. "Usifungue sanduku, mwanga wa nje utaharibu vipimo. Na usipake samli. Samli inauziba mwanga."

Nilitazama kibuyu cha samli. Tangu mama mkwe wangu aniachie jembe lile, hakuna mwezi uliopita bila samli.

"Na hiyo taa?"

"Ya kijani? Hiyo ikiwaka, mambo ni mazuri."

"Kwa hiyo ikiwa kijani, jembe ni zima?"

Alikuwa ameinama, anafunga waya kwa meno.

"Ndiyo, Bibi."

Niliishi na taa ile mvua za vuli zote, ukapita msimu wa senene, zikapita mvua za masika. Asubuhi kitu cha kwanza kilikuwa kuwasha moto na kuitazama. Inakawia kidogo, halafu inawaka. Kijani. Nilikuwa nikisema moyoni, haya, jembe limeamka. Siku nyingine hata sina cha kupika, nawasha moto ili taa iwake. Nilipokwenda Kiruruma kumuuguza binti yangu, nilimwachia jirani kuni na maagizo, akaniambia ameona watu wakiacha maagizo ya kuku na mbuzi, ya taa ndiyo kwanza anayaona. Lakini aliwasha. Mwezi mpya ulipoonekana mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kibuyu cha samli, naurudisha.

Mjukuu wangu alikuwa akija mara kwa mara kuangalia nyaya. Ndivyo alivyosema, kuangalia nyaya. Anakuja na sukari na mkate, ananisalimia vizuri, anachukua tochi yenye mwanga mwekundu, anajifunika shuka kubwa jeusi yeye na sanduku kama mpiga picha wa zamani, anakaa humo kidogo na simu yake, anatoka.

"Lipo?"

"Lipo, Bibi."

Kisha ananawa mikono na tunakula. Alikuwa akiomba nimpikie ndizi na maharage mabichi, na mimi nilikuwa namwekea nyama iliyobaki. Nakumbuka mara moja niliona kidole chake kina weupe weupe uliokauka, nikamwambia anawe tena.

Katikati ya hayo, msichana alipata mchumba. Kijana wa Kyerwa, wa familia ya Kilutheri kama sisi, anafundisha shule ya msingi na analima kahawa. Watu wake walikuja, wakazungumza, wakapokelewa. Tulikubaliana harusi iwe baada ya mavuno ya kahawa. Mama yake kijana, mwanamke mnene mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia alishasikia habari za jembe letu tangu binti yangu alipoolewa Songambele, na kwamba ameshasafisha sehemu katikati ya migomba. Nilimpigia simu mjukuu wangu.

"Dada yako anaolewa. Jembe litahitajika."

Aliniomba nirudie. Nilidhani ni mtandao.

"Litakuwa tayari, Bibi."

Kabla ya mavuno kwisha, watu wa chuo walikuja mjini kwetu kuonyesha kazi zao kwenye ukumbi. Mjukuu wangu alituma nauli, mimi na dada yake twende. Nilivaa kitenge changu cha Krismasi. Tulikalishwa mbele kabisa, pamoja na wakubwa. Mwalimu wake, mama mmoja mwenye miwani na sauti nzuri, alikuja mwenyewe akapiga goti, "Shikamoo mama," akanishukuru kwa jembe. Alisema bila wazee kama mimi utafiti hauendi. Nilimwitikia. Nilijisikia mtu.

Mjukuu wangu alipanda mbele amevaa koti. Alieleza habari za kibamba cha jikoni, na watu wakaona picha ya jiko langu ukutani, kubwa, na sufuria yangu yenye kishikio kilichovunjika. Wakacheka vizuri, nami nikacheka. Kisha akasema sasa tuone mwanga uliona nini.

Likatokea jembe. Jeusi, linang'aa kama nilivyompa. Akabonyeza. Likatokea jembe lina madoa kama ya uso wenye ndui. Akabonyeza. Madoa yameungana. Akabonyeza tena, na jembe likawa jekundu lote, limevimba, linabambuka magamba kama gome la mti. Picha ile ilikuwa ndefu kuliko mtu. Akaonyesha kwa kijiti: hapa mashine ilijua kutu imeanza, na hapa ndipo jicho la kawaida lingeiona kwa mara ya kwanza, mkiangalia mtaona tumelitangulia jicho kwa muda mrefu. Watu wakapiga makofi.

Msichana alinishika mkono. Nilidhani labda ni chuma kingine. Mtu mmoja nyuma yetu akauliza, je, kutu ile ilikuja yenyewe? Mjukuu wangu akajibu kwamba kuingojea ije yenyewe kungechukua miaka, kwa hiyo waliisaidia kwa pamba iliyolowa maji ya chumvi, iliyobadilishwa kila alipotembelea. Alijibu vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayeulizwa kitu anachokijua. Hakunitazama. Mwalimu akaongeza kuwa familia iliridhia, na akanielekezea mkono, na ukumbi ukanipigia makofi mimi.

Sikusimama. Mwalimu yule simlaumu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kitu na kukiamini, na mimi sura hiyo naijua.

Tulirudi Nyakakika na gari la jioni. Nilipofika sikubadili nguo. Nilifungua sanduku. Taa ya kijani ilikuwa imezima kwa kuwa moto ulikuwa umezima. Nilitoa pamba kwanza. Ilikuwa bado mbichi. Jembe nililiinua kwa mikono miwili na bado vumbi jekundu lilinimwagikia mapajani, kwenye kitenge.

Mjukuu wangu alikuja kesho yake. Sikumkaribisha kigoda, alisimama mlangoni.

"Bibi, naomba nieleze."

"Uliweka chumvi kwenye jembe la dada yako?"

"Ilikuwa ni ya kuharakisha tu, kwa sababu..."

"Nimeuliza uliweka."

"Niliweka."

"Na uliniambia kutu ikianza unakuja kulitoa siku hiyohiyo."

"Nilisema."

"Mashine yako ilikuambia kutu imeanza?"

"Ilisema mapema sana, Bibi. Ndiyo maana kazi imesifiwa."

Alisema hivyo. Na niliona kwenye uso wake, katikati ya aibu, kitu kidogo cha furaha kwamba mashine ilisema mapema sana.

"Na taa?"

"Taa inaonyesha umeme wa jikoni unapita. Haihusiani na jembe."

"Nilikuuliza. Ulikuwa unafunga waya. Nilikuuliza ikiwa kijani jembe ni zima, ukasema ndiyo."

"Ningekuambia ukweli ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Akaanza kuniambia kuhusu madaraja. Kwamba mto wetu una madaraja, na watu wanapita juu yake na watoto mgongoni, na siku moja uzi ule utawekwa humo. Sikumkatiza. Sisemi kazi yake ni mbaya. Huenda ni kweli ataokoa watu nisiowajua. Lakini kila asubuhi ile mimi niliamka nikawasha moto kwa kuni zangu ili jembe la nyumba yetu liliwe vizuri na lipimwe vizuri, na yeye alijua, na alikuja akala. Kama angekuwa mgeni ningemwita mwizi na kumsahau. Huyu nilimbeba mgongoni na homa mpaka zahanati.

Nilibandua kile kibamba jikoni kwa kisu, nikampa na waya zake na sanduku lake. Aliniomba nibaki nacho, kinanifaa. Nikamwambia bora nikae gizani.

Binti yangu wa Songambele alinipeleka kwa fundi mmoja huko, mtu wa kuchomelea mageti na kunoa mapanga, lakini baba yake alikuwa mhunzi. Aligusagusa jembe kwa ukucha.

"Mama, nikilisugua likawa safi, litabaki kama karatasi."

"Na usipolisugua?"

"Litaonekana jembe. Lakini usiliulize maswali."

Nilirudi nalo nikalipaka samli. Samli ilinyonywa kama maji kwenye mchanga. Nilipaka tena. Jirani alikuja akaniona. Alikaa akanishikia kitambaa.

Nilitaka kumwambia msichana aende bila jembe. Nilimwita nikamwambia wazi: hili haliwezi kazi, tutawaeleza wakwe, ni watu waelewa.

"Mashangazi walikwenda nalo?" akaniuliza.

"Walikwenda nalo."

"Basi na mimi naenda nalo."

"Likivunjika?"

"Bibi, mimi ndiye ninayeolewa."

Sikujua ana mdomo huo. Nikalifunga kitambaa kipya.

Harusi ilikuwa njema, nisiseme uongo. Kanisani watu waliimba, kwa wakwe tulipikiwa tukapakuliwa mpaka tukakataa, na wazee walipewa rubisi yao, pombe ya ndizi, pembeni ingawa mchungaji alikuwepo na aliangalia upande mwingine. Mjukuu wangu alikuwepo, kaka wa bibi harusi, hangeweza kukosa. Alinisalimia mbele za watu, nikamwitikia mbele za watu.

Jua lilipopungua mama mkwe alimshika msichana mkono akampeleka kibanjani. Tukafuata. Mahali pale palikuwa pamefagiliwa, udongo laini, umetifuliwa. Yule mama alikuwa ameulainisha makusudi kwa kuwa nilimweleza kidogo. Nilimpa msichana jembe. Akaliinua si juu sana, akapiga.

Halikutoa sauti ya chuma. Lilitoa sauti kama ya mtu kukanyaga chungu kilichovunjika. Nusu ya mbele ilibaki ardhini, na mkia ulibaki kwenye mpini, na mpini ulibaki mkononi mwa msichana. Msichana alisimama hivyo, na shela yake, hajui aweke wapi mikono.

Mama mkwe alikuwa mwepesi. Alinyoosha mkono nyuma ya mgomba akachukua jembe lake la kila siku, la dukani, lenye udongo wa jana, akampa. "Piga na langu, mwanangu." Msichana akapiga. Wanawake wa pale wakapiga vigelegele, wakamzunguka, wakamchukua. Alifanya wema yule mama, na nitamheshimu mpaka nife. Lakini msichana wangu ameingia kwenye kibanja kile kwa jembe la watu wa pale, si kwa letu, na mtoto wake wa kwanza akizaliwa hakuna kitakachorudi nyumbani.

Nilibaki nyuma ili niokote. Nikamkuta mjukuu wangu wa kiume amechuchumaa palepale. Nilifikiri analia. Nikasogea. Alikuwa ameshika kipande kilichovunjika, amekielekeza kwenye jua linalopita katikati ya majani, anakigeuza polepole, anatazama ndani ya mvunjiko. Macho yake yalikuwa yale ya bati la choo. Hakunisikia. Akachukua kipande kingine kidogo, akakifuta kwa kidole, akakitia kwenye mfuko wa koti.

"Lete," nikamwambia.

Alishtuka. Akanipa kile alichokuwa nacho mkononi, kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Na cha mfukoni."

"Bibi, hiki ni kidogo sana. Nilitaka tu kuona huko ndani kutu ilipita..."

"Nimesema lete."

Ninachokumbuka zaidi ya ukumbi na chumvi na taa ni hapo. Alikawia. Dada yake alikuwa anaimbiwa nyuma ya migomba, mimi nimesimama mbele yake nimenyoosha mkono, na mkono wake uko mfukoni umekishika, na alikawia, anapima. Kisha akakitoa.

Nilivifunga vyote pamoja nikaondoka na binti yangu wa Songambele. Tangu siku hiyo akipiga simu nampa anayekaa karibu yangu aipokee, amwambie tu wazima. Na akija hapa anakula, kwa sababu simnyimi mtu chakula. Lakini anakula sebuleni, kama mgeni. Jikoni kwangu haingii.